Kabla Hujaketi Mbele ya Jopo

Asubuhi foleni ya dirisha la malipo hospitalini huwa imeshafika nje ya mlango. Yumo mama aliyetoka kijijini kwa bodaboda kabla hakujapambazuka, mtoto mwenye homa mgongoni. Kwenye dawa hajafika bado. Anasubiri kontro namba, ile namba ndefu tuliyoizoea tangu 2017, Serikali ilipoanza kupokea malipo yake kupitia mfumo mmoja wa kielektroniki. Karani anainua uso kutoka kwenye kompyuta na kusema maneno tunayoyajua wote: "Mtandao unasumbua, tuvumiliane kidogo." Mama anamshusha mtoto, anampakata, anamgusa paji la uso. Anaendelea kusubiri.

Nani alimfikiria mama huyu wakati mfumo ule ukitengenezwa?

Juma hili ningependa kuzungumza na wewe, mwana wa hapa kwetu Kaniha, uliyesoma TEHAMA, ukafanya kazi miaka kadhaa, na sasa umeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhandisi mwandamizi wa programu. Nazungumza pia na ninyi baba na mama mnaomwona amerudi nyumbani likizo, anakesha na kompyuta mpakato mezani, hasemi sana, na hamjui mumsaidieje. Kanisani tunawaombea watahiniwa wa kidato cha nne. Tunawaombea madereva wa malori wanaopita Lusahunga kwenda Rusumo. Watengeneza mifumo tunawasahau, kwa kuwa kazi yao haionekani mpaka siku igome.

Nchi yetu ilijifunza mapema kwamba kazi hii ni nzito. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine kukaleta matatizo makubwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Ilichukua miaka mingi mlango huo kufunguka tena. Leo mkongo wa taifa wa mawasiliano unafika Rusumo na Kabanga, kwenye mipaka yetu ya Ngara, na kijana anaweza kuketi Biharamulo akahojiwa na watu walioko Nairobi au Berlin. Ninapoikumbuka marufuku ile ya 1974 huwaonea huruma watu ambao hatuyajui majina yao. Nyuma ya kila mfumo ulioshindwa wapo waliojitahidi, wakalala na mawazo, na pengine hawakupata wa kuwaambia kwamba bado wanathaminiwa.

Tuanze na yaliyo mkononi, maana hata hayo ni sehemu ya kumpenda Mungu kwa akili. Kama nafasi yako imetangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hatua unazijua: usaili wa mchujo wa kuandika, mara nyingi na wa vitendo kwa fani kama yako, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Tangazo la kuitwa kwenye usaili husisitiza vyeti halisi, tena husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharimia nauli, chakula na malazi. Basi fungua bahasha leo, usingoje usiku wa kuamkia safari. Soma jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha kwenye cheti cha kidato cha nne, kisha cha chuo, kisha kwenye kitambulisho cha NIDA. Wengi wetu huku tuliandikishwa shule kwa jina la babu, tukabatizwa kwa jingine, na mwalimu akaandika la tatu kama alivyolisikia. Majina yakitofautiana utahitaji hati ya kisheria, na hati hiyo inataka muda. Kama usaili ni Dodoma, hesabu nauli ya Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida hadi huko, tena ufike siku moja kabla. Kama ni wa mtandaoni, tafuta mahali penye umeme wa kuaminika, weka bando la kutosha, chaji simu iwe akiba, na uwaombe wa nyumbani saa mbili za utulivu. Waombe kwa upole. Wao ndio waliouza mahindi ukasoma.

Halafu yapo maandalizi ya kichwa. Katika ngazi ya uandamizi hawatakuuliza sana kama unaijua lugha hii au ile ya programu. Hilo wanalichukulia kuwa limekwisha. Watakupa jambo kubwa lisilo na kingo: buni mfumo wa kusajili wakulima wa mkoa mzima, au wa kupokea malipo ya watu milioni moja. Kisha watanyamaza wakikutazama. Anayeukimbilia ubao na kuanza kuchora visanduku na mishale mara nyingi huchora mfumo wa nchi isiyokuwapo. Aliyekomaa huuliza kwanza. Watumiaji ni akina nani? Wana simu za aina gani? Mtandao ukikatika katikati ya malipo, fedha inabaki wapi, na nani atamweleza aliyelipa?

Hapa huwa namkumbuka Nehemia. Alisikia habari za kuta za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akafunga na kuomba. Ilikuwa mwezi wa Nisani, miezi kama minne baadaye, mfalme Artashasta alipomwuliza anataka nini. Kati ya swali la mfalme na jibu lake, Nehemia aliomba. Palepale, amesimama, pumzi moja tu. Kisha akajibu kama mtu aliyefanya hesabu zake: akataja muda, akaomba barua za kumpitisha kwa maliwali, akaomba na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti. Alipofika Yerusalemu hakuita mkutano. Alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache, akazikagua kuta zilizobomoka kabla hajamwambia mtu yeyote nia yake. Je, wewe unaweza kujipa ile pumzi moja? Jopo halitakuhesabia vibaya ukinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Na mtu aliyezoea kuiombea kazi yake kila asubuhi ana pa kwenda katika kimya hicho.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni sehemu nyingine ya usaili, ile ambayo wengi huiandaa usiku wa mwisho, macho yakiwa mazito. Watakuuliza: "Tueleze wakati mlipotofautiana na mwenzako kazini, na mliyamalizaje." Watakuuliza: "Tueleze siku mfumo uliokuwa chini yako ulipoanguka." Watataka kujua umemlea nani, na yuko wapi leo. Majibu ya maswali haya hayamo kitabuni. Yamo katika namna ulivyoishi na watu miaka yote hiyo.

Chukua daftari. Andika visa vyako vya kazi kimojakimoja, kama ambavyo ungemsimulia rafiki. Andika bila haraka, uache vilale, uvisome asubuhi. Huenda utaona jambo. Katika kila kisa wewe ndiye uliyeliona tatizo mapema, wewe ndiye uliyeonya, wewe ndiye uliyeokoa. Na kuna jina moja linalorudi. Ni yule mkuu wa kitengo aliyeipeleka kazi yako kwa mkurugenzi kana kwamba ni yake. Au ni mwenzako aliyepitisha mabadiliko Ijumaa jioni, akazima simu, ukakesha wewe. Ukifika kwenye jina hilo kalamu inaikandamiza karatasi, hata ukurasa wa nyuma unaonekana alama.

Hapo tulia, usifunue ukurasa mwingine kwanza.

Wasaili wenye uzoefu humtambua mtu mwenye kinyongo. Hahitaji kutamka neno baya. Wanasikia sauti inavyobadilika, wanaona maelezo yanavyorefuka pasipo haja. Nao hujiuliza moyoni: huyu akija kwetu, siku akiondoka atatusimulia namna hii? Hata hivyo sikushauri usamehe ili upate kazi. Msamaha wa namna hiyo ungekuwa biashara, na moyo wako wenyewe ungelijua hilo. Nasema tu kwamba daftari limekutendea wema. Limekuonyesha mzigo ulioubeba muda mrefu hata ukaacha kuuhisi. Ungependa kuingia nao chumba cha usaili? Ungependa kuingia nao kazi mpya?

Kabla hujajibu, sikia kisa kimoja cha fani yako. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za watengeneza programu wa dunia nzima, alikuwa akihangaika na hifadhidata iliyogoma kunakiliwa kwenda seva ya pili. Alikusudia kufuta folda kwenye seva hiyo ya pili. Amri akaitoa kwenye ile ya kwanza, iliyobeba data hai za wateja. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili, akaisimamisha. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala rudufu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, na aliyeichukua ni mhandisi huyohuyo.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Mkono uliofuta ndio uliokuwa umehifadhi. Kampuni ingeweza kumtoa mtu mmoja mbele ya wateja wenye hasira na kusema, mkosaji ndiye huyu, tumekwisha kumwondoa. Hawakufanya hivyo. Kazi ya kurudisha data waliirusha mubashara, dunia ikitazama. Taarifa waliyoitoa baadaye haikumtaja kwa jina. Ilieleza kwamba nakala rudufu hazikuwa zikijaribiwa mara kwa mara, kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa dhamana hiyo. Watu wa fani yako wanayo desturi hii ya kuchunguza tukio bila kumtafuta wa kulaumiwa, na jopo litapima kama unaiishi au umeisoma tu. Naomba uitazame kwa jicho la imani pia. Kosa halikufunikwa. Data za saa sita hizo zilipotea, nao walisema hivyo waziwazi. Ukweli ulisemwa wote, na mtu akabaki mtu. Sasa yule ambaye jina lake linarudi kwenye daftari lako: unajua alikuwa na nini nyumbani Ijumaa ile jioni? Na kabla hajaharibu, alikuwa amekuhifadhia nini ambacho hukuwahi kumshukuru?

Yusufu naye alisailiwa. Tumezoea kumsimulia kwa ajili ya zile ndoto, lakini mwangalie anavyoingia. Alipoitwa na Farao alinyoa, akabadili nguo, akaenda. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kabla ya hapo, kule gerezani, alipomweleza mnyweshaji wa Farao kwa nini yuko mle, alisema tu kwamba aliibwa kutoka nchi ya Waebrania na kwamba hakutenda lolote la kumstahilisha kutiwa shimoni. Kaka zake hakuwataja. Mke wa Potifa hakumtaja. Na mbele ya Farao hakusema neno juu ya mnyweshaji aliyemsahau miaka miwili mizima, ambaye huenda alikuwa amesimama palepale ukumbini. Alizungumza juu ya njaa inayokuja, na namna ya kuweka akiba ya nafaka ili watu wasife.

Usidhani ilikuwa rahisi kwake, wala kwamba siku hiyo yote yalikwisha. Kaka zake walipokuja kununua chakula aliwajaribu, akajitenga akalia, akarudi, akalia tena kwa sauti hadi nyumba ya Farao ikasikia. Baba yao alipofariki, kaka zake waliingiwa na hofu upya, naye akalia upya. Kwa hiyo ukijaribu kusamehe leo na juma lijalo hasira ikarudi, usikate tamaa wala usijihesabu mnafiki. Anza alipoanzia Yusufu: simulia kazi, eleza lililotokea kwa haki, na jina la mtu uliache. Kisha, kama inawezekana, piga simu kabla ya safari. Usiipige kudai maelezo. Msalimie, mwulize watoto wanaendeleaje, mwambie unajiandaa kwa usaili na umemkumbuka. Kama una sehemu yako katika ugomvi ule, na mara nyingi ipo, iseme kwa sentensi moja isiyokuwa na "lakini" ndani yake. Kama mtu huyo ni wa hatari kwako, au alikutendea jambo la kutisha, hulazimiki kumpigia. Mweleze Mungu, mweleze na mtu mmoja unayemwamini, na haki ishike njia yake.

Na lile swali la umemlea nani? Wazee wa jimbo letu wanamkumbuka Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996. Alikwenda kuishi na wanakijiji wa kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akalima pamoja nao. Askofu ana ofisi, ana waraka anaoweza kuutuma; yeye alitaka kuwa karibu na wale aliokabidhiwa, kwa jembe na kwa chakula. Kwako wewe ukaribu huo una sura ndogo sana. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita ameleta kazi yake uipitie, na imejaa makosa. Unaweza kuandika maneno matatu makali na kuirudisha. Unaweza pia kuvuta kiti, ukamwuliza alifikirije mpaka akafika hapo, ukasikiliza. Hilo la pili linakula nusu saa, na hakuna ripoti ya mwezi inayoliandika. Lifanye hata sasa ambapo moyoni umeshaanza kuaga ofisi hiyo. Najua lilipo jaribu: mtu akiitwa usaili, kazi ya sasa anaishika kwa ncha za vidole. Ishike kwa mikono miwili. Andika maelezo ya mfumo unaouacha ili atakayebaki asihangaike. Jaribu nakala rudufu uone kama kweli zinafunguka. Bwana wetu alieleza habari za watumishi waliokabidhiwa talanta, na yule aliyekuwa mwaminifu kwa machache ndiye aliyeongezewa. Sijui kazi nyingine ambayo mfano huo unaingia sawasawa kama yako.

Yatakapotoka majina, wapo watakaopangiwa vituo. Wapo watakaofaulu lakini nafasi zikawa chache, na majina yao yakahifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira, yakisubiri nafasi nyingine. Wapo pia walioomba kwenye kampuni ambazo hazitawaandikia hata barua ya kuwakatalia. Ninawafikiria sana hawa wa kanzidata. Hawajakataliwa, hawajapokelewa, na shangazi akipiga simu kuuliza habari hawajui wamjibu nini. Yusufu aliishi katika kusubiri kama huko miaka miwili baada ya mnyweshaji kutoka gerezani, huku kila asubuhi kukiwa na wafungwa wa kuhudumiwa. Maandiko hayatuambii aliisubirije miaka hiyo. Tunajua tu kwamba siku alipoitwa, akili yake ilikuwa haijalemaa na moyo wake ulikuwa haujawa mchungu.

Wazazi, hapa nina ombi kwenu. Msimwulize kila jioni kama wamejibu. Msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyepata kazi Mwanza. Akikaa kimya mezani, mpakulieni chakula, zungumzeni habari za mvua na mihogo. Jumuiya inapokutana, mtajeni katika maombi kama mnavyomtaja mgonjwa na msafiri, bila kumtaka asimame ajieleze. Na mwambieni mapema, tangazo likiwa bado halijatoka, kwamba chumba chake hapo nyumbani ni chake, na kwamba mlijivunia yeye kabla hata hajaitwa na jopo lolote.